Shemeji Aliyeajiriwa Kutema Bia

Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua la saa nne lililokausha lami lakini halikukausha nguo. Siku hiyo shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, alitakiwa kutema bia mbele ya watu katika ukumbi wa hoteli ninayofanyia kazi. Mate yake yangetua wapi, hapo ndipo ingejulikana ni mpishi gani wa bia atakayeuza bia yake kwenye kaunta yetu.

Maneno hayo yanahitaji maelezo, kwa hiyo nitarudi nyuma kidogo.

Shemeji alifanya kazi ya kuonja chai kiwandani tangu usichana wake hadi alipostaafu. Niliwahi kumwona kazini. Chumba kilikuwa na meza ndefu nyeupe, dirisha la upande usiopigwa na jua, vikombe vimepangwa mstari mmoja kama askari, na ndoo ndefu yenye magurudumu aliyoisukuma kwa goti huku akitembea. Alichota chai kwa kijiko, akaivuta mdomoni kwa kishindo kama mtu anayepasua shuka, akaizungusha, akaitema ndoo ikiwa bado inakuja. Kisha alisema neno moja na karani akaandika. "Imelala." Kikombe kinachofuata. "Iko hai." Kinachofuata. "Haina mgongo." Kwa miaka yote hiyo hakumeza hata funda moja, na hakuna aliyemkataza. Ilikuwa sheria yake mwenyewe.

"Nikimeza, ni chakula," alikuwa akisema. "Nikitema, ni kazi. Mtu asichanganye."

Marehemu kaka alipenda kuwaambia watu kwamba ameoa mwanamke anayeshinda ndani ya chai na kurudi nyumbani na kiu.

Alipostaafu, na kaka akiwa ameshatutoka, alihamia kwa mwanawe wa pekee, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Duka ni la mwanawe. Mke wa mwanawe ni muuguzi, hurudi kutoka zamu miguu ikiwaka moto na bado huingia jikoni. Shemeji aliwapenda wote wawili. Tatizo lilikuwa ulimi, kwa sababu ulimi wenyewe haukustaafu. Supu ikiletwa mezani alichota kijiko, akavuta kwa kishindo, akatema kwenye bakuli tupu aliloweka kando ya sahani, akasema, "Imelala." Halafu akala, akamaliza, akaomba aongezewe. Kwake yeye kijiko cha kwanza kilikuwa cha kazi na vilivyofuata vilikuwa vya chakula, na hakuona ubishi uko wapi. Mkwewe alivumilia sana. Lakini mtu aliyetoka kuosha vidonda vya watu hana nguvu ya kuambiwa kwamba maharage yake hayana mgongo.

Kilichofanya maji yazidi unga ni ugeni. Wazazi wa mkwewe walikuja kumwona binti yao, wakaja na juisi waliyokamua wenyewe. Shemeji akapewa glasi ya kwanza kwa heshima. Akaiangalia kwenye mwanga, akavuta, akageuka, akatema kwenye chombo cha maua. Baba wa mkwewe aliuliza kwa sauti ndogo kama kulikuwa na mdudu. Shemeji akamtoa wasiwasi, akasema hakuna mdudu, imechoka tu kidogo, akainua glasi na kuimaliza yote kwa raha. Hakuna aliyemwona akiimaliza. Wote walikuwa wanayaangalia maua.

Kesho yake mwanawe aliniita. Alizungumza na mama yake nikiwepo, kwa upole, macho yakiwa kwenye zulia.

"Mama, sikufukuzi. Ukipata mahali pa kutemea, utakaa hapa mpaka tuzeeke wote. Usipopata, nitakupeleka kwa mama mkubwa."

Mama mkubwa ni dada wa shemeji. Anaishi mbali, safari ya kutwa nzima, katika nyumba safi sana ambamo chumvi hutolewa kabatini kwa kuombwa, na kinywaji ni maji ya moto. Shemeji aliwahi kukaa kule muda mfupi. Aliporudi aliniambia kwamba siku za mwisho alikuwa akilamba gundi ya bahasha apate angalau ladha ya kitu.

Hapo ndipo hoteli ilipoingia. Mimi ni mtunza stoo pale. Mwenye hoteli, ambaye tunamwita Bosi hata akiwa hayupo, alikuwa amerudi safarini na jambo kichwani. Huko alikokwenda aliona watu wakisafiri kutoka mbali kuonja bia zinazopikwa kwa mapipa machache, kila mpishi na mkono wake, na wakitembezwa kuona matangi kana kwamba wanaonyeshwa mtoto mchanga. Naye akataka. Mjini kwetu wapishi wa namna hiyo ni wawili, na kaunta ilikuwa na tundu moja tu lililobaki, kati ya koki ya soda na koki ya maji. Kwa hiyo mmoja alipaswa kuchaguliwa, na baada ya hapo kila pipa lingeonjwa kabla ya kufunguliwa. Bosi mwenyewe ana vidonda vya tumbo na hanywi. Aliniuliza kama namjua mtu mwenye ulimi.

Nikasema namjua.

Mwanawe aliposikia kwamba mama amepata mahali pa kutemea, na tena palipo na ndoo ya hoteli na kiti chake, alifurahi mpaka akafunga duka mapema. Kazi ilikuwa ya majaribio hadi mpishi apatikane. Baadaye ingekuwa ya kudumu. Begi lililokuwa limeanza kupangwa lilirudishwa juu ya kabati, ila halikufunguliwa.

Mpishi wa kwanza tuliyemtembelea ni Fundi Bomba. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji kabla ya bia kumteka, na karakana yake bado ni nusu kwa nusu. Upande mmoja kuna masinki mabovu na viungio vya mabomba, upande mwingine sufuria kubwa, matangi mawili, magunia, na mabomba ya shaba yanayopanda ukutani, yanazunguka dirisha na kushuka tena bila sababu niliyoweza kuielewa. Alitutembeza kila kiungio. Kisha akamjazia shemeji glasi ya bia yenye rangi ya kahawia, akasimama mbele yake mikono nyuma.

Shemeji hakuwa ameonja bia maishani mwake. Aliiangalia kwenye mwanga, akainusa, akavuta kwa kishindo kilichomfanya paka wa karakana ahame dirishani. Akazungusha. Akatafuta ndoo. Nilikuwa nimeiacha mlangoni, mbali kiasi. Akatema, na bia ikakata hewa juu ya masinki yote na kutua ndani ya ndoo bila tone kudondoka pembeni.

Fundi Bomba alikaa juu ya sinki. "Mama," alisema, "umeitema."

"Nimeitema vizuri," shemeji akamjibu, naye alimaanisha kumsifu.

Tulipotoka hapo tulikwenda kwa Daktari wa Meno. Kliniki yake iko mbele, na bia iko nyuma, katika chumba kilichokuwa cha mafaili. Matangi yake yanang'aa, ameyafunika kwa vitambaa vya kijani vya upasuaji kama wagonjwa waliolala. Bia yake ni ya rangi ya dhahabu, safi, na inanukia karafuu, ingawa hakuna aliyeweza kusema kama harufu hiyo inatoka kwenye glasi au kwenye kliniki. Kwa kuwa alikuwa ameshapigiwa simu na Fundi Bomba aliyekuwa akilalamika, alimwambia shemeji mapema kwamba uchungu wa bia unakaa kooni, na asiyemeza hajaonja.

"Chai nayo ina uchungu," shemeji alisema, "na haijawahi kunilalamikia."

Akavuta, akazungusha, akatema. Safari hii ndoo ilikuwa miguuni pake.

Jioni Bosi alitaka matokeo. Shemeji akamweleza kwamba ya Fundi ina mgongo lakini haijaamka, na ya Daktari imeamka ila haina la kusema. Bosi akauliza hiyo ni saba au nane. Shemeji akasema bia si mwanafunzi. Wakabishana hivyo, kila mmoja kwa adabu zote, mpaka Bosi akanigeukia na kuniuliza nilichokiona kwa macho yangu. Nilimwambia ukweli: kwa Fundi alitema mbali, kwa Daktari alitema karibu.

Uso wa Bosi ukafunguka. Alikuwa amepata kitu kinachopimika: itakayotemwa mbali zaidi ndiyo itashinda.

Sikupata nafasi ya kusema habari ya mahali ndoo ilipokuwa. Nilijaribu mara mbili. Bosi alikuwa ameshaagiza chaki.

Kuanzia siku hiyo mambo yaligeuka. Habari ilifika kwa wapishi kabla ya glasi kukauka, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Fundi Bomba alifikiri kama fundi bomba: kinachofika mbali ni kile chenye presha. Akaacha kushughulika na kimea na maua yanayoipa bia uchungu, akawa anashughulika na gesi. Kila tulipomtembelea, bia yake ilikuwa na povu zaidi, na mtungi ulikuwa mkubwa zaidi. Ilifika mahali glasi yenyewe ilikuwa inatetemeka mezani, na shemeji akiweka funda mdomoni mashavu yalimvimba kabla hajaamua lolote. Ilitoka kama maji ya mpira wa kumwagilia bustani. Fundi alipiga makofi.

Daktari wa Meno alifikiri kama daktari. Alimkalisha shemeji kwenye kiti cha wagonjwa, akakilaza, akamwekea taulo kifuani, akamwonyesha lile bakuli dogo linalozunguka maji pembeni. Shemeji alikipenda sana kile kiti. Alisema kiwandani wangekuwa na kiti kama kile asingestaafu. Lakini Bosi, alipoambiwa, aliamua kwamba bakuli la daktari linavuta lenyewe, na hilo ni kusaidiwa na mashine. Akalifuta. Daktari akakata rufaa. Rufaa ikasikilizwa kwenye ngazi za hoteli, Bosi akiwa na kikombe chake cha maziwa, ikatupwa. Basi naye akaenda kununua mtungi wa gesi.

Shemeji hakuambiwa kitu. Aligundua mwenyewe siku alipokuja hotelini na kuikuta sakafu ya ukumbi imechorwa mistari ya chaki kwenye vigae, kuanzia kiti chake hadi karibu na mlango wa jikoni. Aliniuliza ile ni michezo ya watoto wa nani. Nikamweleza yote. Aliisoma ile mistari mmoja mmoja.

"Kwa hiyo maneno yangu hawayasikii," alisema.

"Hawayaelewi, shemeji."

"Na begi langu liko wapi?"

"Juu ya kabati."

"Basi waache wapime."

Ndivyo alivyokubali. Alitema walichotaka ateme, mbali au karibu kadiri gesi ilivyomsukuma, akasema maneno yake hata kama hakuna aliyeyaandika, na jioni alirudi nyumbani ametosheka. Supu ya mkwewe aliila kijiko cha kwanza hadi cha mwisho bila neno. Mkwewe aliniambia kwamba siku ya kwanza ya jambo hilo aliingia chumbani akalia kidogo, kwa furaha.

Sasa narudi kwenye ile Jumamosi.

Ukumbi ulijaa. Wafanyakazi wa hoteli walikuwepo, na wagonjwa wa Daktari waliokuja kumshangilia, mmoja wao shavu limevimba na kufungwa kitambaa. Mafundi wenzake Fundi Bomba walikuja na spana zao mifukoni kana kwamba wangeitwa wakati wowote. Bosi alikuwa ameazima futi ya kitambaa kwa mshonaji. Mwanawe shemeji na mkewe walikaa safu ya mbele, wamevaa kama watu wanaokwenda kumwona mama yao akipewa tuzo. Daktari alikuwa na tabasamu lake la kazini. Fundi Bomba hakuwa na tabasamu lolote. Mtungi wake wa gesi ulikuwa umepasuka koki usiku uliotangulia na kumwaga matayarisho yake yote sakafuni mwa karakana. Kilichobaki ni pipa dogo alilokuwa amejipikia yeye na mkewe, lililolala kwenye kona ya baridi bila kuguswa, na hilo ndilo aliloleta. Aliniambia mlangoni kwamba anajua ameshashindwa, amekuja tu ili watu wasiseme amekimbia.

Ya Daktari ilianza. Shemeji alivuta, mashavu yakavimba, akaachia. Ilipita mistari yote na kupiga mlango wa jikoni, na mpishi wa hoteli aliyekuwa anachungulia akarudi ndani. Watu wakasimama. Bosi akapima mara mbili na kutangaza. Daktari akapeana mikono na wagonjwa wake mmoja mmoja.

Shemeji akasukutua mdomo kwa maji. Nikamletea glasi ya Fundi.

Haikuwa na povu la maana, ukingo mwembamba tu kama ukosi wa shati. Aliiangalia kwenye mwanga. Akainusa, halafu akainusa tena, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akavuta. Hata kishindo kilikuwa kidogo. Akazungusha mara moja, akaangalia dari, na ukumbi mzima ukageuka kuangalia ndoo.

Ndoo ilikaa tupu.

Tuliendelea kuiangalia. Fundi Bomba aliangalia mlango wa jikoni, labda imepita kasi. Mwishowe yule mwenye shavu lililofungwa, ambaye alikuwa amekaa karibu zaidi, alisema kwa shida kwamba yeye ameona koo la mama likishuka.

Shemeji alikuwa amemeza.

Ghasia zilizofuata nitazieleza kwa kifupi. Daktari wa Meno alisema hesabu iko wazi, bia ya Fundi haikutoka mdomoni hata kidogo, kwa hiyo ni sifuri. Fundi Bomba, ambaye dakika moja kabla alikuwa ameshakata tamaa, alisimama na kusema kwamba haikuwa sifuri hata kidogo. Bia imesafiri. Imekwenda tumboni. Waipime huko. Bosi akaona hoja ina uzito, akamuuliza Daktari, kama mtu wa afya pekee ukumbini, kutoka mdomoni hadi tumboni ni umbali gani. Mkwewe shemeji, ambaye ni muuguzi, alifunika uso kwa mikono asije akaulizwa yeye. Daktari aliteseka, lakini alijibu kwa uaminifu wa kazi yake kwamba ni kama urefu wa mkono, tena kwenda chini, si mbele.

"Na baada ya tumbo?" Fundi Bomba akauliza.

Daktari akasema baada ya tumbo kuna utumbo.

"Umejikunja?"

"Umejikunja."

"Bomba likijikunja halipungui urefu," Fundi alisema, akiwageukia mafundi wenzake, nao wakaitikia kwa pamoja kwamba halipungui. "Mteja hulipia bomba lote. Hesabuni lote."

Daktari akasema hata kama ni hivyo, bia bado haijafika huko. Bosi akauliza huchukua muda gani. Akaambiwa. Akaangalia saa yake, akaita mhudumu aulize kama kuna chumba kilicho wazi ambamo Mama Mwonjaji anaweza kupumzika mpaka kesho.

Muda wote huo shemeji alikaa kwenye kiti chake, glasi ya Fundi ikiwa mkononi. Daktari alimsogelea, akainama. Nilikuwa nimeshika ndoo pembeni, nikamsikia, na safu ya mbele nayo ikamsikia. Hakuwa na ubaya. Nadhani hata alimhurumia, kwa sababu habari za begi mji mzima ulikuwa unazijua.

"Mama, ni kwikwi, sivyo? Imekuponyoka. Inampata yeyote. Sema ni kwikwi, uonje upya, mambo yaishe."

Kila aliyesikia alielewa kilichokuwa kinauzwa hapo. Akisema ni kwikwi, angepewa funda la pili na angelitema, bia isiyo na gesi ingeanguka miguuni pake, Daktari angeshinda. Na bia ya Daktari ni bia ambayo shemeji angeweza kuitema kila siku bila kusita hadi mwisho wa maisha yake. Kiti chake, ndoo yake, na chumba chake ghorofa ya pili vyote vilikuwa ndani ya hiyo kwikwi. Mwanawe pale mbele alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa kumwambia aseme ndiyo.

Shemeji alimwangalia mwanawe. Kisha akamwangalia Bosi.

"Si kwikwi," alisema. "Nimeimeza kwa sababu sikutaka itoke."

Bosi akauliza taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa, kwamba sasa hiyo ni ngapi.

"Hiyo si ngapi. Kutema ni kazi. Hii sikufanya kazi, nimekunywa. Mpe Fundi tundu lako. Ila mimi utafute mwingine, maana pipa la huyu sitaweza kulitema."

Halafu, mbele ya watu wote, akainua glasi na kumaliza iliyobaki, polepole, bila kishindo chochote, akampa mhudumu glasi tupu na kumshukuru.

Bosi alibaki anaitazama futi ya mshonaji. Hakuielewa hoja, lakini alikuwa ameona mwanamke anayelipwa kutema akikataa kutema, na kama mfanyabiashara hilo liliingia moja kwa moja. Kabla ya watu kutawanyika alikuwa ameshamwita Fundi Bomba waongee habari za koki. Daktari aliondoka na wagonjwa wake. Mwenye shavu alibaki nyuma akaomba kuonja ile ya Fundi upande ambao haumuumi.

Fundi Bomba alikuja pale tulipokuwa tunakunja vitambaa vya meza. Alishika mikono ya shemeji yote miwili, akabaki anaitikisa tu kama anajaribu kulegeza nati. Shemeji ndiye aliyemuuliza maswali. Alitaka kujua bia ile ilikuwa nini kabla haijawa bia. Fundi akamweleza habari za shayiri inayoloweshwa mpaka ichipue, ikaushwe iwe kimea, na jinsi kila gunia linavyokuja na tabia yake, na kwamba yeye huchukua tu lolote analoletewa kwa sababu hajui kuliuliza.

"Mnakijuaje kama ni kizuri?"

"Tunatafuna, Mama."

"Mnameza?"

"Unga wake ndiyo. Maganda hapana. Maganda yanakwaruza koo."

Shemeji alisema aha, akaendelea kukunja kitambaa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mwanawe na mkewe wametangulia. Hakuna aliyegombana. Mezani shemeji alikula chakula chake, akamaliza. Baadaye mwanawe alileta ngazi, akashusha begi kutoka juu ya kabati, akaliweka kitandani kwa mama yake na kusema kwamba basi linaondoka asubuhi na atampigia mama mkubwa amwandalie chumba. Mkewe alisimama mlangoni. Aliniambia, wakati wa kunisindikiza, kwamba wangeweza kuzungumza tena, kwamba labda bakuli moja mezani si kitu kikubwa hivyo. Mumewe alijibu kwamba ahadi ni ahadi, halafu akakaa kwenye ngazi na hakuinuka tena mpaka nikaondoka.

Asubuhi, Jumapili, mawingu mazito lakini hakuna mvua, nilikwenda kumsaidia kubeba begi. Nilimkuta mwanawe barabarani na kandambili, nywele hazijachanwa. Mama hayupo. Begi liko kitandani, limefungwa, mama hayupo. Simu ameiacha. Mkewe alikuwa ameshakwenda stendi kumtafuta huko.

Nilimwambia anifuate.

Mlango wa karakana ya Fundi Bomba ulikuwa wazi. Shemeji alikuwa amekaa juu ya gunia, magunia mengine yamefunguliwa mbele yake midomo wazi, na kila moja lina kijiko. Alichota kimea kidogo kutoka gunia la kwanza, akatafuna taratibu akiangalia mabomba ya shaba, akatema maganda ndani ya sinki bovu lililokuwa miguuni pake. "Hiki kiko hai," alisema. Akahamia gunia la pili. "Hiki kimelala. Kirudishe kilikotoka." Mke wa Fundi, akiwa ameshika chaki, aliandika kwenye gunia maneno hayo hayo kama yalivyotamkwa.

Fundi Bomba mwenyewe alikuwa amesimama kwenye kona, ametugeuzia mgongo, uso karibu ugusane na ukuta.

Mwanawe alimsalimia mama, halafu akamuuliza Fundi anafanya nini pale.

"Nimeambiwa nisiangalie yanapoangukia," Fundi alijibu bila kugeuka.

Shemeji akachota gunia la tatu, akamwambia mwanawe akae, atafute sinki lisilo na maji.